Dawa ya Ukungu Haiishii Kwenye Jani

Malalamiko kuhusu masalia ya viuatilifu kwenye mazao yameongezeka, na tunapowahoji wanyunyizaji hujitetea kwa kauli moja: "Hiyo ni dawa ya ukungu tu, haiui hata mdudu." Kiuatilifu cha kuvu, yaani hiyo dawa ya ukungu, kimetengenezwa ili kiue viumbe, na sehemu ya mchanganyiko unaonyunyiziwa majani hudondoka ardhini, wanakoishi kuvu wasio na kosa lolote.

Takriban asilimia 80 ya aina za mimea ya nchi kavu hushirikiana na kuvu wa mizizi, yaani mikoriza, ambao nyuzi zao nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi hupenya pasipofikiwa na mzizi na kurudi na fosforasi, huku mmea ukiwalipa kwa sukari. Nyuzi hizo zikidhoofika, mkulima huona mimea imedumaa, kisha huongeza mbolea. Viambata, yaani kemikali zinazofanya kazi ndani ya dawa, navyo havifanani. Karbendazimu inajulikana kwa kudhuru minyoo ya ardhini, ilhali shaba, iliyoanza kutumika katika mizabibu ya Ufaransa miaka ya 1880, haiozi kamwe bali hujilimbikiza msimu baada ya msimu, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 kwa hekta katika miaka 7.

Kuhusu athari za dawa hizi kwa utumbo wa mlaji, tuwe waangalifu. Panya wa maabara waliolishwa karbendazimu au imazalili, kiambata kingine cha kuua kuvu, walionekana kubadilika mchanganyiko wa bakteria wa utumbo, lakini matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mtu anayekula masalia yaliyo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Kiasi cha kiambata kinachokubalika kuliwa kwa siku hupatikana kwa kuchukua dozi isiyowadhuru wanyama wa majaribio na, kwa kawaida, kuigawa kwa 100. Hata hivyo, tathmini hiyo kwa desturi haikulenga bakteria wa utumbo, kwa hiyo kuzidisha kipimo ni kujitoa nje ya kinga pekee iliyopo. Wala kuosha mboga si jibu la kila kitu: dawa zinazopenya ndani ya mmea haziondoki kwa maji.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni mnyunyizaji kupima kwa kifuniko cha chupa, kisha kuchanganya dawa mbili zenye majina tofauti ya biashara lakini kiambata kilekile. Amezidisha dozi maradufu na anaamini ameongeza kinga! Jina la kiambata limeandikwa kwenye lebo, kwa herufi ndogo, ni kweli, lakini limeandikwa.

Kipindi cha kusubiri kabla ya kuvuna huhesabiwa tangu mnyunyizo wa mwisho, si wa kwanza. Daftari la shamba lioneshe tarehe, eneo, kiambata, kipimo na namba ya toleo la dawa. Mkaguzi akichukua sampuli, huigawa, huifunga kwa lakiri mbele ya mwenye mazao na kuhifadhi sehemu moja iwapo matokeo yatapingwa. Masalia yakizidi kiwango, mzigo unaweza kuzuiwa au kuteketezwa kwa gharama ya mwenyewe, na muuzaji aliyetoa ushauri potofu anaweza kusimamishiwa leseni, kwa mujibu wa sheria inayohusika.

Chupa tupu isuuzwe mara 3 na kutobolewa. Maji ya suuza zote, hata ya tatu, yarudi ndani ya bomba la kunyunyizia na kutumika shambani, yasimwagwe pale pale bomba linapooshewa kila msimu.