Trela ya mwendelezo ikitoka: tunachoaminishana kitaa na ukweli wenyewe

Wadau wa muvi za majoka, wachawi na falme za kufikirika hapa Mwanza mnajijua, trela ya part two ikitoka usiku basi asubuhi yake kuanzia Buzuruga mpaka Nyegezi stetasi zote ni joka lilelile linatema moto, saluni linaongelewa, kijiwe cha bodaboda linaongelewa, na mwenye kibanda umiza ameshaanza kuulizwa anaonyesha lini. Hiyo shangwe naipenda sana na sitaki mtu yeyote aizime. Ila ndani yake kuna vitu tunaaminishana ambavyo sivyo kabisa, na vingine vinatutoa hela mfukoni, kwa hiyo acha niviseme.

Kubwa kuliko zote ni hii ya "nimeshaona trela, stori nimeielewa". Hapana aisee. Trela mara nyingi haikatwi na mwongozaji wa muvi, kuna makampuni kazi yao ni trela tu, wanapewa vipande vya muvi ambayo pengine bado haijaisha, wanavipanga wanavyoona wao ilimradi damu ikuchemke. Ni kama beseni la samaki pale Mwaloni Kirumba, sato wakubwa wamepangwa juu ndio unawaona kwanza. Sauti ya mzee anayesema maneno mazito inaweza kutoka mwisho wa muvi ikawekwa juu ya picha ya mwanzoni, dada analia unadhani anamlilia yule aliyedondoka darajani kumbe vipande hivyo viwili havihusiani hata kidogo. Na sisi hapa linatupata zaidi maana wengi tumekulia kwenye muvi zilizotafsiriwa, toka enzi za Lufufu, yule msimuliaji wa muvi kwa Kiswahili, mtu anakusimulia huku picha inaenda, sasa trela haina wa kutafsiri, Kiingereza chenyewe kinapita mbio, tunabaki kuisoma kwa picha, na picha ndizo zimepangwa makusudi zisifuatane. Ndiyo maana vijiwe viwili vinaweza kubishana wiki nzima nani atakufa na wote wakawa wamekosea.

Halafu kuna wanaosema sawa, mpangilio umechanganywa, ila kilichoonekana kwenye trela lazima kiwemo kwenye muvi. Nacho si kweli. Kwenye trela ya Avengers: Infinity War ya 2018, Hulk, lile jitu la kijani, anaonekana anakimbia na wenzake kwenye uwanja wa vita kule Wakanda, watu tukashangilia, kumbe kwenye muvi yenyewe Hulk anagoma kutoka na Banner, yule mtu anayegeuka kuwa Hulk, anapigana akiwa ndani ya lile zigo la chuma. Rogue One ya 2016 nayo ilikuwa na vipande kibao kwenye trela ambavyo ukienda kuangalia muvi huvikuti. Na inaweza kuwa kinyume chake pia, Spider-Man: No Way Home ya 2021 waliwafuta kabisa Spider-Man wawili kwenye trela ili siri isivuje, na mashabiki wenye macho wakashtuka mbona yule adui mwenye umbo la mjusi anageuza shingo kama kapigwa ngumi na hewa. Kwa hiyo ukisimamisha picha na kuzungushia duara jekundu, furahia tu huo upelelezi, ni sehemu ya raha, ila usije kuweka dau la hela juu yake.

Muziki ndio wala usiseme. Ule mzuka unaokufanya usimamishe nywele mara nyingi haumo kwenye muvi, sababu ni rahisi tu, wakati trela inakatwa mtunzi wa muziki bado hajamaliza kazi yake. Mfano ninaoupenda ni The Two Towers, sehemu ya pili ya The Lord of the Rings iliyotoka 2002. Trela yake ilipigwa na wimbo wa Clint Mansell aliokuwa ameutunga kwa ajili ya muvi nyingine kabisa, wakaupanga upya na kwaya na ngoma nzito, ukawa mkubwa mpaka ukatumika kila mahali baadaye. Ukikaa na The Two Towers mwanzo mwisho huusikii hata mara moja, mle ndani ni kazi ya Howard Shore.

Sasa hii inayotutoa hela: "trela imetoka maana yake muvi ipo, jamaa wa flashi anayo". Ndugu zangu. Avatar: The Way of Water kionjo chake kilitoka Mei 2022 na muvi ikaingia sinema Desemba 2022, miezi saba hapo katikati, na hiyo ni baada ya dunia kusubiri miaka 13 toka ile ya kwanza ya 2009. Kwa miezi hiyo saba yeyote aliyekujazia "Avatar 2" kwenye flashi alikupa kanyaboya, ama muvi nyingine iliyobadilishwa jina, ama trela zimeunganishwa. Na trela kutoka haimaanishi hata kwamba kazi imeisha. Sonic, yule mnyama wa bluu wa kwenye gemu, alitolewa trela Aprili 2019, watu walivyoona ile sura na yale meno wakachukia, mwongozaji Jeff Fowler akakubali abadilishwe, muvi ikasogezwa kutoka Novemba 2019 mpaka Februari 2020, wakamchora upya. Kwa hiyo wanaosema kelele za mashabiki hazifiki popote nao wanakosea, pale zilifika.

Tena siku hizi siyo muvi tu, hata trela yenyewe inaweza kuwa feki. Kuna watu wanachukua vipande vya muvi za zamani, wanachanganya na picha za akili bandia, wanaandika "Official" kwa herufi kubwa na mwaka, unatumia bando lako, unasambaza kwenye magrupu ya familia, kumbe muvi hiyo hata haijaanza kupigwa. Mwaka 2025 YouTube ilizikatia malipo ya matangazo chaneli mbili kubwa za namna hiyo, ujue tatizo lilikuwa la ukubwa gani. Kabla hujatuma angalia imetoka kwenye chaneli ya studio yenyewe au wapi, na ukiona steringi sura inayeyuka kila anapogeuka, achana nayo. (Na kwa usalama wa bando, iangalie kwanza kwenye ubora mdogo, ukiridhika ndio urudie kwa picha kali.)

Wazazi na wenye vibanda hapa nawaomba mtulie kidogo. Ile kadi ya kijani inayotokea mwanzo wa trela za Marekani watu wanadhani inasema muvi inafaa kwa watoto, hapana, inaihusu trela tu, trela inaweza kuwa safi na muvi ikawa na vichwa vinakatwa na mambo ya chumbani. Kuipangia muvi umri wa watazamaji hapa kwetu ni kazi ya Bodi ya Filamu Tanzania. Naumia kuona katoto ka darasa la pili kamekaa mbele kwenye benchi saa tatu usiku kwa sababu tu trela ilionyesha joka zuri.

"Mwendelezo siku zote huwa mbovu" ni uvivu wa kufikiri. The Return of the King ya 2003 ni sehemu ya tatu, ilitajwa kwenye Oscar 11 na ikazibeba zote 11. Na "steringi hafi" tuliyorithi toka utotoni, mwulize aliyeangalia Infinity War.

Ila kuna lalamiko moja limewaponza wenye vibanda bure, la "kaikata", yaani mwenye kibanda kaikata muvi kabla haijaisha. The Hobbit ni kitabu kimoja cha 1937, mpango wa mwanzo ulikuwa muvi mbili, Julai 2012 Peter Jackson akatangaza zitakuwa tatu. Ya pili, The Desolation of Smaug, ilitoka Desemba 2013, na trela yake ilituonyesha lile joka baada ya ya kwanza kutuishia kwenye jicho tu. Kwetu watu wa ziwa ile ina utamu wake, maana kuna mji mzima umejengwa kwa nguzo juu ya maji, mitumbwi inapita katikati kama mtaa. Joka linatoka mlimani kwa hasira, linaruka kuelekea kwenye huo mji kuuteketeza, na muvi inaishia hapohapo, giza, majina yanapanda. Watu wanasimama wanadai hela yao. Mwenye kibanda hajakata kitu, mji unachomwa kwenye ya tatu, The Battle of the Five Armies, na hiyo ilitoka Desemba 2014.