Furu wa Ziwa Victoria: spishi mpya zinavyozaliwa, na maji ya tope yanavyozifuta

Furu mwaloni hana heshima. Mdogo, miba mingi, watu wanakimbilia sangara na sato. Lakini huyu huyu furu ametufundisha mengi mno kuhusu spishi mpya zinavyotokea, wachache sana kati ya wanyama wenye uti wa mgongo wanaomfikia, na leo naomba tukae naye kidogo manake kila tukienda shuleni au kwenye maonyesho tunaulizwa swali lile lile: mbona hatujawahi kuona samaki wa aina moja akizaa samaki wa aina nyingine?

Na hamtaona, kwa sababu haiendi hivyo. Kila kifaranga ni wa aina ya wazazi wake. Kinachotokea ni kwamba kundi moja linaanza kugawanyika, wa huku wanazaana wenyewe kwa wenyewe na wa kule wenyewe kwa wenyewe, mabadiliko madogo ya jeni yakitokea huku hayafiki kule, vizazi vinapita mamia na maelfu, mpaka inafika mahali hata wakikutana hawazaani tena au wanazaana kwa nadra sana. Hapo ndo tunasema spishi ni mbili. Wengi wanadhani lazima kuwe na mlima au bahari katikati ya hayo makundi mawili, na kweli mara nyingi ndo inavyokuwa, ila furu wanatuonyesha kwamba hata mteremko wa mwamba mmoja unaweza kutosha.

Twende kisiwa cha Makobe, upande wa Mwanza. Ni mawe matupu yanayoshuka majini, na kwenye mawe hayo kuna furu wawili wanaofanana sana. Madume wote wana mistari myeusi ya kusimama ndo manake wakaitwa Pundamilia, ila mmoja mwili wake ni wa bluu ya kijivu, huyo ni Pundamilia pundamilia, na mwingine ana mgongo mwekundu na mbavu za njano, huyo ni Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Majike wao ukiwachanganya kwenye ndoo hata mtaalamu anapata shida kuwatenganisha. Wa bluu anakaa juu juu karibu na ukingo, mwekundu anakaa chini zaidi, tofauti yao ni mita chache tu na hakuna ukuta wowote katikati.

Sasa kwanini wasichanganyike? Ni mwanga. Maji ya Victoria yana chembechembe nyingi zinazomeza mwanga wa bluu haraka, kwa hiyo unavyozidi kushuka unabakiwa na mwanga wa njano na mwekundu. Samaki wa chini akizaliwa na jeni ya jicho inayoshika vizuri mwanga mwekundu anaona kuliko wenzake, anakula, anaishi, anazaa, na kule juu toleo jingine la jeni hiyo hiyo ndo linalipa. Mwaka 2008 timu ya Ole Seehausen, mtafiti wa furu, ilichapisha matokeo ya jeni hizi, pale Makobe furu wa bluu karibu wote wana toleo moja na wekundu karibu wote wana jingine.

Halafu anaingia jike, na hapa ndo patamu. Furu jike anabeba mayai na vifaranga mdomoni karibu wiki tatu, muda wote huo halishi tumbo lake vizuri, kwa hiyo hachagui dume hovyo. Na anachagua kwa macho. Mwenye jicho la kuona wekundu anavutwa na dume mwekundu, mwenye jicho la samaki wa juu anavutwa na wa bluu, basi jicho lile lile linalomsaidia kuishi ndo linaamua atazaa na nani. Watafiti wamelijaribu hili kwenye matangi ya maabara: ukiwasha taa nyeupe ya kawaida majike wanaenda kwa madume wa rangi ya kwao, ukiweka taa ya rangi ya chungwa inayofanya madume wote waonekane sawa majike wanaacha kubagua, na chotara wanaozaliwa ni wazima na wanazaa vizuri tu. Yaani kinachowatenganisha hawa wawili kwa sehemu kubwa ni kuonana.

Ndo maana maji yakichafuka kunakuwa na hatari ambayo watu hawaioni. Ingia ndani ya Ghuba ya Mwanza mpaka kisiwa cha Luanso, maji ni tope, ukishusha sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji haifiki hata mita moja imeshapotea machoni. Huko huwapati Pundamilia wawili, unapata kundi moja lenye wekundu, wa bluu na wa katikati wa kila namna. Visiwa vya Python na Kissenda ambako maji yana unafuu utofauti upo, ila sio mkali kama Makobe. Samaki wapo, wanaogelea, wanavuliwa, lakini maji yakichafuka namna hii spishi mbili zinaweza kuwa moja bila samaki hata mmoja kufa, na hakuna takwimu ya uvuvi itakayokuonyesha hasara hiyo.

Na hasara ni kubwa, manake ziwa hili lilikuwa na spishi za furu zinazokadiriwa 500: wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kuvunja konokono, wa kula magamba ya wenzao, hadi wa kunyonya vifaranga kutoka mdomoni mwa mama. Hao wengi wao wametokea ndani ya miaka kama 15,000 tangu ziwa lilipojaa tena baada ya kukauka, muda mfupi mno kwa mambo ya mageuko. Uchambuzi wa jeni wa mwaka 2017 ulionyesha walianzia kwa mababu chotara, ukoo wa upande wa Kongo uliokutana na ukoo wa upande wa Nile, ndo ukawa na akiba kubwa ya jeni za kuchezea. Sangara aliyeletwa miaka ya 1950 na 60 alipolipuka kwa wingi miaka ya 80, inakadiriwa spishi kama 200 zilipotea, waliobaki wanapigwa na tope.

Anayetaka kuona mwanzo kabisa wa mgawanyiko aende Ziwa Masoko kule Rungwe, kiziwa cha kreta, yaani shimo la volkano, chenye upana wa mita kama 700. Furu wa njano wanakaa pembeni, wa bluu wanakaa vilindini, taya zao zimeshaanza kutofautiana, na jeni zinaonyesha wameanza kuachana ndani ya miaka 500 hadi 1,000 tu. Bado wanachanganyika kidogo, kwa hiyo huwezi kuwaita spishi mbili kwa uhakika wala huwezi kuwaita kundi moja.

Kwa Victoria, tope linatoka nchi kavu: mashamba yanayolimwa mpaka ukingoni, mbolea, maji taka ya miji, vinalisha mwani na mwani unaziba mwanga. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kuharibu, matete na mafunjo yakibaki hapo yanakamata udongo kabla haujafika majini. Kama una shamba ukingoni, anza na hizo mita 60.