Acheni kuuliza kama ufukwe wa mjini ni msafi, ulizeni umeelekea wapi

Kila Juni ikikaribia, ujumbe ni uleule. "Kaka, tumeona umetupangia chumba karibu na ufukwe wa mjini. Hapana bwana. Mjini kuna bandari, kuna mabomba. Tupeleke ule wa mbali wenye maji ya buluu." Wiki hii umeingia tena, safari hii kwa sauti, kutoka kwa mama mmoja wa Tanga anayeishi Uingereza na anayetaka kuwapeleka watoto na wajukuu Naxos. Amenieleza kwa kirefu jinsi maji ya bandarini yanavyonuka. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupangia watu likizo katika visiwa vya Ugiriki! Nikamjibu, "Shikamoo mama, nitakuandikia." Basi naandika hapa, ili atakayefuata nimtumie kiungo tu nikanywe kahawa yangu.

Suala la usafi nilipitishe haraka, maana si hapo penye utamu. Maji ya kuogelea katika nchi za Umoja wa Ulaya hupimwa msimu mzima kwa bakteria wa aina mbili, E. koli na enterokoki, kisha kila ufukwe hupangwa daraja kuanzia bora kabisa hadi duni, kwa kawaida kwa vipimo vya misimu minne. Matokeo yako wazi, ufukwe kwa ufukwe. Sasa sikilizeni: vipimo huwekwa pale wanapooga watu wengi. Maana yake ufukwe wa mjini, wenye bibi na babu na shule za kuogelea, karibu kila mara umo kwenye orodha. Ule wa mbali mnaoulilia, wenye mbuzi na barabara ya vumbi, mara nyingi haumo kabisa. Bendera ya Buluu, ile alama ya kimataifa ya ufukwe bora, nayo huombwa. Halmashauri isipoomba haipati, hata maji yawe kioo. Nikiri tu kwamba daraja la misimu minne halikuambii maji yako vipi leo asubuhi. Kwa hilo hakuna karatasi, kuna macho.

Na macho yenyewe hudanganya. Napigiwa picha za "uchafu": rundo la majani ya kahawia kando ya maji, na katikati yake vidonge vya nyuzinyuzi vyenye ukubwa wa limau, vimeviringana kama vimesukwa. Hiyo ni posidonia, nyasi ya baharini ya Mediterania. Majani yake yaliyokufa hutupwa pwani, na nyuzi zake huviringishwa na mawimbi hadi zikawa mipira. Shamba la posidonia likiwa zima mbele ya ufukwe, maji huwa maangavu na mchanga hauondoki ovyo. Mtu aliyekulia Mombasa au Zanzibar ameona majani yakirundikana ufukweni maisha yake yote na hakuwahi kukimbia. Akivuka bahari tu, anakuwa mkaguzi wa afya.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe.

Sisi watu wa pwani tunapanga bahari kwa kujaa na kupwa. Nauliziwa sana, "Maji yanajaa saa ngapi huko?" Hayajai. Katika Bahari ya Aegean, ilipo Naxos, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni sentimita chache tu, wakati kwetu bamvua hupandisha maji mita tatu na zaidi. (Pako pahali pa ajabu, Chalkida kwenye kisiwa cha Evia, ambapo mkondo katika mlango mwembamba hugeuka mara kadhaa kwa siku. Nendeni mkautazame kutoka darajani, ila msipange kuogelea kwa ajili yake.) Kwa kuwa maji hayatembei, watu hutandika taulo karibu kabisa na ukingo. Nanyi tandikeni, lakini karibu na bandari mkiona meli kubwa imepita, nyanyueni viatu. Wimbi lake hufika baadaye, meli ikiwa imeshasahaulika, na huondoka na kandambili za watu.

Kinachotawala huku ni upepo. Unaitwa meltemi, unavuma kutoka kaskazini, na kilele chake ni Julai na Agosti, hasa alasiri. Huko kwetu miezi hiyo ni ya kusi, na hizo pepo mbili haziko mbali kiukoo. Bara la Asia likipata joto, mgandamizo wa hewa juu yake hushuka. Kusi huvutwa na hali hiyo kuvuka ikweta kuelekea India. Upande wa magharibi, ukanda wa hewa nyepesi hufika hadi juu ya Uturuki, hewa nzito inabaki juu ya Balkan, na kati yao hewa inatelemka kupitia Aegean yote. Meltemi unaweza kuvuma siku moja, unaweza kuvuma juma zima usiku na mchana.

Mtego wake ni huu: unakuja na anga safi. Programu ya simu inaonyesha kijua cha njano, nyuzi 29, hakuna wingu, na familia nzima inapanda basi kwenda ufukwe wa mbali uliotazama kaskazini. Wanafika, mwavuli unang'oka, mchanga unawachapa miguuni, watoto wanalia, na basi la kurudi bado sana. Jioni napigiwa simu mimi, kana kwamba upepo niliuagiza. Ukifungua programu ya hali ya hewa Ugiriki, pita jua, pita joto, nenda kwenye mshale wa upepo.

Chukueni Chora, mji mkuu wa Naxos, kwa sababu pale unaweza kuliona jambo lote kwa miguu. Kaskazini ya bandari kuna kisiwa kidogo chenye Portara, lile lango la marumaru la hekalu la Apollo lililoanzwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizika. Unakifikia kwa njia nyembamba iliyojengwa juu ya maji. Siku ya meltemi simama katikati ya njia hiyo. Upande mmoja, unaotazama ghuba ya Grotta, mawimbi yanapiga mawe na rasharasha inakulowesha begani. Upande wa pili, hatua chache tu, maji ya bandari yametulia na mashua zinacheza kidogo kwenye kamba. Mji mmoja, saa moja, bahari mbili. Kisha tembea kuelekea kusini, dakika kumi au kumi na tano, ufike Agios Georgios. Huo ndio ufukwe wa mjini anaoukataa yule mama. Ni mchanga mtupu, kina kidogo hadi mbali, na kona iliyo karibu na nyumba inakingwa na mji wenyewe. Mtoto wa miaka mitano anatembea ndani ya maji na bado yanamfika kiunoni.

Ila msije mkanikariri vibaya mkasema "kusini ni salama". Hapa ndipo vitabu vya watalii vinaponiudhi kabisa, kwa sababu vinaandika "ufukwe uliokingwa" halafu vinafunga mada. Umekingwa na nini? Kukingwa na mawimbi si kukingwa na upepo. Pale pale Agios Georgios, ukisogea kusini mwa ufukwe, unakuta shule za kuteleza kwa matanga. Wale hawakuweka duka pale kwa sababu hakuna upepo! Maji yako bapa, upepo upo tele. Tena kisiwa chenye mlima mrefu, na Naxos ina mlima Zas wenye mita elfu moja hivi, upepo hupanda upande wa kaskazini na kuporomoka upande wa pili kwa mafungu makali. Unaweza kujificha nyuma ya mlima na ukapigwa zaidi ya aliyebaki mbele. Na pale unapovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, bahari inaonekana kama bwawa, hakuna wimbi hata moja, na hapo ndipo pa hatari kwa watoto waliokalia boya la kujaza upepo. Linasukumwa kimyakimya kwenda nje, na mzazi anasoma simu. Maboya yale msinunue mkiwa na meltemi.

Utabiri wenyewe? Nautumia kila siku na siuamini sana. Ramani zake zimegawa bahari katika vipande vya kilomita kadhaa, na rasi ndogo inayokinga ufukwe mmoja haionekani humo. Unaniambia upepo wa eneo, hauniambii upepo wa kona yako. Kwa hiyo nauliza mwenye nyumba, naangalia bendera bandarini, na bado kuna siku nasema "leo pametulia" na kofia zinaruka. Ndiyo faida kubwa ya ufukwe wa mjini: ukiwa mbaya, umepoteza dakika kumi za kutembea, si siku nzima.

Visiwa vingine hesabu ni ileile, jibu ni tofauti. Mji wa Rhodes umekaa kwenye ncha ya kisiwa: upande wa magharibi unapigwa, na ufukwe wa Elli upande wa mashariki hutulia. Elli ni kokoto na kina chake huingia haraka, basi bebeni viatu vya majini. Ermoupoli katika kisiwa cha Syros, watu huogelea kutoka kwenye jukwaa la zege chini ya nyumba za Vaporia, na wanaona ni ufukwe halali. Kisiwani Hydra watu huruka majini kutoka kwenye miamba. Na Fira, mji mkuu wa Santorini, hauna ufukwe kabisa. Uko juu ya genge lenye mita zaidi ya 200. Msiniandikie tena kutaka chumba "Fira, karibu na mchanga". Mchanga mweusi uko upande wa pili wa kisiwa, Kamari na Perissa.

Vitanda vya kujilaza: si lazima kulipia. Ukingo wa bahari Ugiriki ni mali ya umma. Mwaka 2023 wenyeji wa kisiwa cha Paros walichoka vitanda vya biashara kuwajazia fukwe, wakaandamana na mataulo yao, na mwaka 2024 ikapitishwa sheria mpya: angalau asilimia 70 ya ufukwe isiwe na vitanda, na vitanda vikae mita 4 kutoka kwenye maji. Kuna programu ya serikali, MyCoast, ya kuripoti wanaovunja. Sheria ipo, utekelezaji unategemea ufukwe na siku. Wewe tandika kanga yako, hakuna wa kukufukuza kwa haki.

Yule mama ana magoti mabovu, na hilo hakulitaja kwenye malalamiko, nililisikia kwa binti yake. Ufukwe wa mbali una ngazi za mawe. Fukwe nyingi za mjini zina vyoo, bomba la kuoshea mchanga, waokoaji katika miezi ya kiangazi, na baadhi zina Seatrac, kiti kinachotembea juu ya reli kwa nguvu ya jua na kumwingiza mtu majini bila kumbeba, bure. Anayependa stara pia ajue: mnaokimbilia mbali kutafuta utulivu, huko mbali ndiko wanakokaa wasiovaa kitu. Mjini asubuhi mtakuta bibi wa Kigiriki wamesimama majini hadi kifuani, kofia kichwani, wanasengenya. Mama yetu atakaa nao vizuri sana, lugha isiyojulikana haijawahi kumzuia.

Saa nazo. Julai jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku, si saa kumi na mbili. Kwa hiyo nendeni saa mbili asubuhi upepo ukiwa bado mdogo, rudini mle na mlale mchana kama wenyeji, mshuke tena saa kumi na moja. Anayekaa kilomita kumi na tano kutoka ufukweni hawezi kufanya hivyo. Hamu ya mbali ikiwashika, mabasi ya Agios Prokopios na Plaka yanaondokea pale pale bandarini Chora. Nendeni siku upepo umelala.

Mambo machache ya mbiombio. Pasaka msije kuogelea. Hewa ina joto lakini bahari ina nyuzi 17 hivi, na aliyezoea maji ya Tanga atatoka akitetemeka. Septemba bahari bado ina joto na upepo unapungua, ndiyo chaguo langu kama watoto si wa shule. Katikati ya Agosti kuna sikukuu ya Bikira Maria, tarehe 15, na Ugiriki nzima iko melini. Kateni tiketi mapema au msubiri ipite. Viza ya Schengen huombwa hadi miezi sita kabla, na kuishi Uingereza hakukuondolei kuihitaji kama pasipoti bado ni ya nyumbani.

Na upepo huohuo ndio unaofunga bandari. Ukifika 8 au 9 kwenye Beaufort, kile kipimo cha nguvu za upepo, kutegemea chombo na njia, meli huzuiwa kutoka, na boti za kasi husimama mapema zaidi. Mama, nimekukatia meli kubwa ya kawaida kutoka Piraeus, bandari ya Athens, safari ya muda wa saa tano hadi sita, inayotikisika kidogo na yenye kiti cha kulala. Kurudi nimekuwekea usiku mmoja Athens kabla ya ndege. Najua utauliza kwa nini ulipie hoteli usiku huo wakati meli inafika asubuhi. Soma tena aya hii.