Mwanya wa mlango kwanza, rangi baadaye

Wanaojiundia gari nyumbani hapa Uingereza hunipigia simu kuulizia bei ya rangi. Mimi huwauliza mlango unafungaje. Rangi inayong'aa haifichi mwanya uliopinda kati ya mlango na bodi, huuanika. Jicho hufuata mng'ao ubavuni mwa gari, na pale unapokatika hata asiyejua magari anaona.

Magari ya kuuzwa vipande vipande si mageni huku. Lotus Seven ya 1957 iliuzwa hivyo kwa sababu vipande vilikwepa kodi iliyotozwa gari zima, hadi VAT ilipoingia mwaka 1973. Mimi huletewa zaidi nakala za AC Cobra, gari la michezo la zamani, zenye bodi ya faiba. Mwenye gari huwa anataka mianya ya milimita tatu kila mahali, nami humkumbusha kwamba Cobra zenyewe za miaka ya 1960 zilikuwa na bodi za alumini zilizotengenezwa kwa mkono, na mianya yake haikulingana gari kwa gari. Milimita tano zinatosha kabisa. Zikilingana toka juu hadi chini, gari litapendeza.

Kabla ya kugusa bawaba, gari lisimame kwa magurudumu yake, injini na giaboksi vikiwa ndani. Shasi hujipinda kidogo ikibeba uzito. Mlango uliopangwa gari likiwa juu ya stendi unaweza kugusa bodi siku litakaposhushwa.

Halafu raba. Hapa ndipo nabishana na watu zaidi, maana raba za milango, boneti na buti huonekana kama mapambo ya kumalizia. Zifunge sasa, hata kama utazibandua wakati wa kupaka rangi. Raba mpya ni ngumu na inasukuma: boneti iliyolala sawasawa bila raba itainuka ukiiweka, na wakati huo fila, ile lipu ya kujazia na kusawazisha bodi, imeshasuguliwa ilingane na mahali pasipo pake.

Bodi ikazwe kwenye shasi kwa bolti zake zote, kisha upime kushoto na kulia kutoka kwenye magurudumu. Bodi ikikaa upande, hakuna bawaba itakayokuokoa. Ikishatulia, ingia kwenye milango. Legeza bawaba, chomeka vipande vya plastiki vya milimita tano ndani ya mwanya, kaza. Pete bapa ya bolti (washa) ikiwekwa nyuma ya bawaba huusogeza mlango nje. Ukingo wake wa mbele nauacha ndani kidogo kuliko bodi iliyo mbele yake, chini ya milimita moja, upepo usiukamate. Loki ni ya mwisho. Isitumike kuvuta mlango uliokaa vibaya, kwa sababu mlango utatulia ukifungwa tu na bawaba zitaumia taratibu. Boneti na buti hufuata mantiki hiyohiyo.

Mwanya ukibana, unasuguliwa kwa msasa namba 80 uliogandishwa kwenye ubao mwembamba. Ukiwa mpana, ongeza ukingo, lakini si kwa fila ya kawaida, hukatika mlango unapobamizwa. Tumia resini iliyochanganywa na nyuzi za faiba. Funika ukingo wa jirani kwa seloteipu iliyopakwa nta, jaza, na ikishakauka, kata mstari wako upya. Uso wa faiba uoshwe kwanza kwa dawa ya kuondoa nta ya kalibu, ile iliyopakwa ili bodi isigande kwenye kalibu. Ukianza na msasa, unaisukumia nta ndani na fila haitashika.

Mistari ambapo vipande vya kalibu vilikutana huwa na mapovu ya hewa chini yake. Isage mpaka uone faiba, kisha ijaze. Mapovu hayo yakiachwa, joto la jua huyapanua na kuyatokeza juu ya rangi mpya.

Mambo mawili hubadilisha vipimo baada ya hapo. Ukaguzi wa IVA, ule ambao gari la kujiundia hupitia Uingereza kabla ya kusajiliwa, unataka kingo za nje zinazoguswa ziwe na mviringo wenye nusu kipenyo cha angalau milimita 2.5, na ukingo uliozungushwa hufanya mwanya uonekane mpana. Praima nzito (rangi ya msingi) na rangi nazo hukaa kwenye kingo zote mbili zinazotazamana, zikila nusu milimita au zaidi. Kwa hiyo zungusha kingo kwanza, ndipo upime mara ya mwisho.

Paneli zikikaa, toboa tundu la milimita tatu kupitia kila bati la bawaba hadi kwenye shasi kabla ya kuzifungua kwenda kupakwa rangi. Siku ya kurudisha, chomeka keekee ileile kwenye tundu, kaza bolti, kisha itoe.