Ubora wa programu hauanzi kwenye majaribio ya mwisho
Wengi bado wanaamini kuwa programu ya kompyuta huwa bora kwa sababu mtu hodari aliijaribu mwishoni. Sivyo. Jaribio hupima kile tu kilichopangwa kupimwa.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ililipuka sekunde kama 40 tu baada ya safari kuanza. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia. Namba kubwa ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ndogo ya kumbukumbu, ya biti (tarakimu za 0 na 1) 16 tu, isienee. Takwimu za mwendo wa roketi mpya hazikuwamo kwenye mahitaji yaliyoandikwa, yaani maelezo ya kile programu inachopaswa kufanya, kwa hiyo sehemu hiyo haikujaribiwa nazo. Mjaribu angefanyaje?

Utaratibu wa ubora huanzia hapo: mahitaji yaandikwe, msimbo (maagizo ya programu) upitiwe na mwenzako, na kila badiliko lijaribiwe upya, hasa lile linaloonekana dogo.