Grafu imetoka pungufu na programu haijatoa kosa: dhana potofu na ukweli kuhusu NetworkX, maktaba ya Python ya kujenga grafu (mitandao ya nodi, yaani vitu, na viungo kati yake)

Dhana: Viungo vikipungua, fanksheni ya kujenga grafu ina hitilafu.

Ukweli: Mara nyingi imefanya ilivyoagizwa. Grafu ya aina ya Graph huweka kiungo kimoja tu kati ya nodi mbili. Asha akimtumia Juma fedha mara tatu, from_pandas_edgelist (fanksheni inayojenga grafu kutoka jedwali la pandas, maktaba ya Python ya majedwali ya data) hutoa kiungo kimoja, na kiasi kinachobaki ni cha mstari wa mwisho. Juma akirudisha chochote, nacho kinafuta kilichokuwepo, maana Graph haijali mwelekeo. Hakuna onyo lolote. Ndiyo maana kosa hili ni la hatari: ripoti inaonekana safi huku jumla ya fedha si ya kweli.

Kama kila muamala unahitajika peke yake, tumia MultiDiGraph, aina inayojali mwelekeo na kuruhusu viungo vingi kati ya nodi mbili. Kama unachotaka ni jumla, zijumlishe kwa groupby ya pandas kabla ya kujenga, kisha utumie DiGraph, inayojali mwelekeo lakini huweka kiungo kimoja tu kwa kila mwelekeo. Mimi napendelea njia hii ya pili, kwa kuwa baadhi ya algoriti za NetworkX hazikubali kabisa grafu zenye viungo sambamba.

Dhana: Nodi zenye jina moja kwenye mchoro ni nodi moja.

Ukweli: Kwa Python, namba 17 na maandishi "17" ni vitu viwili. Chanzo huwa ni pandas: safuwima ya namba kamili ikiwa na nafasi tupu hugeuzwa kuwa ya desimali, na ukiifanya maandishi unapata "17.0", wakati safuwima ya pili ina "17". Mtandao uliokuwa mmoja unakatika vipande. Soma safuwima zote mbili kwa dtype=str (yaani kama maandishi) tangu kwenye faili, halafu ondoa mistari yenye nafasi tupu. Namba za simu nazo zitabaki na sifuri yake ya mwanzo.

Dhana: Sifuri kwenye matriki ni kiungo chenye uzito sifuri.

Ukweli: from_numpy_array, fanksheni inayojenga grafu kutoka matriki ya NumPy (maktaba ya Python ya hesabu za namba), huisoma kama "hakuna kiungo". Uzito wa sifuri ukiwa halisi, uongeze mwenyewe kwa add_edge.

Dhana: Ukipandisha toleo, tatizo litaisha.

Ukweli: Linaweza hata kuongezeka. Toleo la 3.0, la mwaka 2023, liliondoa from_numpy_matrix, fanksheni ya zamani ya kujenga grafu kutoka matriki, na msimbo ulioitegemea ukakwama. Kabla ya kugusa toleo, punguza data hadi mistari miwili mitatu inayoonyesha tatizo, kisha jenga grafu ileile kwa add_edge, ukitumia aina ileile ya grafu. Matokeo yakiwa mabaya vilevile, rudi kwenye data na aina ya grafu. Add_edge ikitoa grafu sahihi na fanksheni ikakosea, kagua kwanza majina ya safuwima uliyoipa. Yakiwa sawa, sasa una haki ya kuishuku fanksheni. Njia ya kuikwepa nayo tayari unayo: pitisha orodha yote kwa add_edges_from na uendelee na kazi. Mistari hiyo mitatu, pamoja na namba ya toleo lako, ndiyo watunzaji wa NetworkX watakayohitaji ili warekebishe.