Je, wajua kwa nini jirani alifunga sola bila kibali, nawe unaambiwa usubiri TANESCO?

Nyumba mbili za mtaa wa Ilazo, Dodoma, zinaweza kuwa na paneli zilezile, sita za wati 550, juu ya bati la aina moja. Ya kwanza imefungwa wikiendi na imeanza kazi. Ya pili inasubiri mkataba, ukaguzi na mita mpya. Tofauti haiko kwenye paneli, iko kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa kutumika nyumbani: je, umeme wa jua unaweza kuvuka mita ukaingia kwenye laini ya mtaa, au hauwezi?

Umeme ukibaki ndani ya nyumba, hakuna leseni ya uzalishaji unayohitaji kuomba. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, mitambo isiyofika megawati 1, yaani kilowati 1,000, haidaiwi leseni hiyo, na paneli sita ni kilowati 3.3 tu. Unachodaiwa ni kazi ya nyaya kufanywa na fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme kutoka EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Muombe akuonyeshe kabla hujampa hela ya kwanza, usome jina na tarehe ya kuisha. Leseni ya biashara ya duka la sola haichukui nafasi yake. Paneli sita zilizofuatana kwenye mstari mmoja zinatoa karibu volti 300 za umeme wa moja kwa moja (DC), na cheche ya umeme wa aina hiyo haikatiki kirahisi. Breka ya kawaida ya nyumbani ikiwekwa upande wa paneli inaweza kuyeyuka huku cheche ikiendelea kuwaka. Breka ya upande huo lazima iwe ya DC na iandikwe volti zinazozidi za paneli zako.

Inveta nyingi za kilowati 3 na 5 zinazouzwa kwa jina la haibridi ziko upande wa nyumba ya kwanza. Zinapokea umeme wa TANESCO kuchaji betri au kusaidia usiku, lakini hazirudishi kitu. Zipo pia zinazoweza kurudisha, na mpangilio huo wakati mwingine huja umewashwa kutoka kiwandani. Kuhakiki ni rahisi. Subiri jua la saa sita, betri ikiwa imejaa, zima kila kitu ndani, kisha angalia kioo cha inveta. Nguvu inayokwenda upande wa gridi, yaani mtandao wa TANESCO, isome sifuri. Ikisoma wati 800 au 2,000, tayari unaingiza umeme kwenye laini bila mkataba.

Hilo linasumbua kwa sababu transfoma ya mtaa hufanya kazi pande zote mbili. Inashusha kilovolti 11 au 33 kuwa volti 230 za nyumbani, na ukiisukumia volti 230 kutoka nyumbani inazipandisha vilevile. Fundi wa TANESCO aliyekata laini ili afunge waya ulioanguka anaamini nguzo imekufa. Sola moja inayoendelea kusukuma inatosha kumuua. Ndiyo maana inveta ya kurudisha umeme lazima ihisi gridi imekatika na ijizime ndani ya sekunde 2. Wengi hushangaa hapa: mfumo wa aina hii usio na betri hujizima pale umeme wa TANESCO unapokatika, hata jua likiwa utosini. Kama shida yako ni umeme kukatika, usiununue.

Sababu ya pili ni mita yenyewe. Mita nyingi za luku zilitengenezwa kupima umeme unaoingia tu. Umeme ukirudi kinyume, baadhi huuhesabu kama matumizi na kukata uniti zako, nyingine huona umeichezea mita na kujifunga. Kwa hiyo mtu anaweza kufunga sola ili apunguze gharama, kisha uniti zikaisha haraka kuliko zamani, halafu akalaumu paneli.

Kurudisha umeme kihalali kunaongozwa na kanuni maalumu za mwaka 2018 za kubadilishana umeme na gridi kupitia mita ya pande mbili. Anza ofisi ya TANESCO inayohudumia eneo lako, kabla ya kununua inveta. Nenda na namba ya mita, mchoro wa mstari mmoja unaoonyesha paneli, breka, inveta, swichi kuu na mita, karatasi ya kiwanda ya inveta inayotaja viwango vya usalama ilivyopimiwa, na nakala ya leseni ya fundi. Mchoro ndio hukwamisha wengi. Usipoonyesha swichi ya kutenganisha sola ambayo mtu anaweza kuifikia na kuifunga, tarajia kurudishwa ukauchore upya.

Wahandisi wataangalia transfoma yako na urefu wa laini. Huo si urasimu mtupu. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, kama zilivyo nyingi za pembezoni mwa mji, ikisukuma kilowati kadhaa mchana wakati majirani hawatumii, volti za laini hupanda. Zikipanda sana inveta yako inajizima yenyewe, inawaka, inajizima tena, na friji za jirani ndizo zinazoumia. Baada ya hapo ndipo unakuja mkataba, ukaguzi, na mita ya pande mbili. Kwenye mkataba soma kwa makini kipengele cha ziada: uniti ulizorudisha zinahesabiwaje na zinakaa kwa muda gani.

Kabla ya yote hayo, tazama uko daraja gani la bei. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa D1, daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, analipa 292. Paneli sita Dodoma zinaweza kutoa uniti 13 hivi kwa siku nzuri. Kwa mtu wa D1, kufunga sola ili aokoe bili hakulipi. Kwa T1 mwenye friji mbili na pampu ya kisima, hesabu inaanza kuwa na maana.

Halmashauri ya Jiji inaingia pale jengo linapobadilika. Uzito wenyewe ni mdogo: kila paneli ni kama kilo 28, sita ni kilo 168 zilizosambaa kwenye mita za mraba 15. Kinachong'oa paneli Dodoma ni upepo wa kiangazi. Skrubu za fremu lazima zishike mbao za paa, papi au kenchi, si bati tupu, na tundu litobolewe juu ya mgongo wa bati na kuwekewa mpira. Likitobolewa bondeni, mvua za Desemba zitaingia sebuleni.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye nyumba za kisasa za kuficha bati, ambazo ukuta wake hupanda kuzunguka paa. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo paneli hutazama kaskazini kwa mlalo wa nyuzi 10 hivi. Mwezi Juni jua la saa sita huwa limeinama karibu nyuzi 30 upande huohuo wa kaskazini. Ukuta unaozidi paneli kwa mita 1 unatupa kivuli cha zaidi ya nusu mita saa hiyo, na kirefu zaidi asubuhi na jioni. Paneli moja ikiguswa na kivuli, umeme wa mstari wote unaweza kushuka. Fundi anakimbilia kuinua fremu juu ya ukuta, na hapo jengo linapata umbo ambalo halimo kwenye ramani iliyoidhinishwa, tena linadaka upepo kama tanga. Hiyo ni kazi ya kurudi Jiji na mchoro wa mhandisi. Nyumba iliyoidhinishwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa mwaka 2017, huna haja ya kuhangaikia mafaili yake kwingine, kwa kuwa kazi zake zilihamia halmashauri hiyohiyo. Kwa anayejenga sasa, paneli na njia ya nyaya zichorwe kwenye ramani ya kuombea kibali cha ujenzi. Mistari michache ya leo inakuepusha na maombi ya pili.

Mpangaji, iwe wa nyumba ya mtu au ya shirika, apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikitaja nani ataziba matundu ya bati atakapohama na paneli zake. Kwenye maghorofa yenye hati za sehemu, ambako kila sehemu ya jengo ina mmiliki wake, chini ya sheria ya mwaka 2008, paa kwa kawaida ni mali ya wamiliki wote, hivyo ridhaa inatoka kwenye umoja wao, hata kama wewe ndiye unayeishi ghorofa ya juu kabisa.